Barua ya wazi kwa wakuu wa Nairobi: Mmetuambia tuoshe mboga, maji yako wapi?

Waheshimiwa mnaosimamia afya, maji na masoko ya jiji letu,

Salamu kutoka mtaa wa Pipeline, ghorofa ya sita, ngazi 98 kutoka kwenye mfereji wa chini. Nimezihesabu kwa sababu huzipanda nikiwa na mtungi mkononi, na mtu aliyebeba mtungi hana kingine cha kufanya ila kuhesabu.

Mwezi jana nilimpeleka kitindamimba wangu kliniki. Alikuwa ameharisha siku tatu, macho yameingia ndani, midomo imekauka kama ya mzee. Nikapewa vile vipakiti vya kurudisha maji mwilini na vidonge vya zinki, na muuguzi, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, akaniuliza mtoto alikuwa amekula nini. Nikamwambia ukweli: ugali, sukuma, na kachumbari kidogo aliyoidokoa kwenye sahani ya babake. Akanyoosha kidole ukutani. Palikuwa na picha ya mikono miwili imeshika nyanya chini ya mfereji, maji yanamwagika kama mvua ya Aprili, na maandishi yanayosema tuoshe matunda na mboga kwa maji safi yanayotiririka.

“Umeona, mama?”

Nikasema nimeona. Nikaona na jingine. Chini ya picha ile palikuwa na sinki, na ndani ya sinki palikuwa na ndoo yenye koki ya plastiki, kwa maana mfereji wenyewe ulikuwa mkavu. Muuguzi alipomaliza na mwanangu alinawa kwa kopo, tone kwa tone, kama anayetia udhu safarini. Hakuna aliyesema neno, lakini macho yetu yalikutana.

Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Na picha ile sina ugomvi nayo, kwa sababu inasema kweli. Ugomvi wangu ni kwamba mzigo wote wa usalama wa chakula cha jiji hili umetolewa shambani, ukapitishwa sokoni, ukapandishwa ngazi 98 na kutuliwa ndani ya beseni langu. Tena beseni lenyewe halina maji.

Niliporudi nyumbani niliamua kuitii picha neno kwa neno, nione itanigharimu nini. Nikachukua mtungi wa mafuta ya kupikia wa lita 5, nikatoboa kifuniko kwa msumari wa moto, nikautundika kwenye nondo za dirisha. Kibuyu chirizi, kama kile walichotundika shuleni kwa watoto. Chini yake nikaweka beseni. Kisha nikaosha mboga za jioni moja, za watu watano: sukuma ya shilingi 20, ambayo kwetu ni majani kama 12, nyanya nne, kitunguu, fungu la dhania na parachichi moja. Kila jani la sukuma nililipangusa kwa vidole mbele na nyuma, na lile bonde la katikati ambako mchanga na vidukari hujificha nikalifuata kwa kidole gumba. Dhania ndiyo iliyonitoa jasho. Ina mizizi yenye udongo na vijani vidogo vinavyogandamana. Hiyo peke yake ilimeza karibu lita 2.

Jumla: lita 6 na nusu.

Siku za kawaida mtungi wa lita 20 hapa kwetu ni shilingi 20. Kwa hiyo kuosha mboga za jioni moja kulinigharimu shilingi 6 na senti 50, yaani shilingi 195 kwa mwezi wa siku 30. Si nyingi, mtasema. Haya, mje wiki ya mgao, wakati mfereji wa ploti umelala siku nne na wenye mikokoteni wanauza mtungi shilingi 50. Lita zile zile zinakuwa shilingi 16 na ushee. Sukuma yenyewe niliinunua shilingi 20! Kwa mpangaji wa Pipeline, kuosha mboga kama ilivyochorwa ukutani kunakaribia kuwa sawa na kuinunua mara ya pili.

Ndiyo maana hatuoshi hivyo. Tunafanya mnavyofanya na nyinyi siku mfereji wenu ukikauka, kama hukauka: tunamimina lita 2 kwenye beseni, tunatumbukiza vyote kwa pamoja, tunavizungusha mara tatu, tunavitoa. Maji ya beseni yana tabia ya kugawa. Tope la nyanya moja linakuwa tope la nyanya nne, na kilichokuwa kwenye mzizi wa dhania kinahamia kwenye ngozi ya parachichi. Wataalamu hawakusema “yanayotiririka” kwa ajili ya urembo wa maneno. Maji yanayotiririka huchukua uchafu na kwenda nao. Ya beseni huuchukua na kuurudisha.

Maji yale machafu, kwa taarifa yenu, sikuyamwaga. Yalipiga deki, yakabaki ya kusukumia choo.

Sasa nifuateni hadi kibandani, saa moja jioni. Huyu mama mboga ananiuzia mwaka wa nne sasa, na watoto wangu wanamwita shosho. “Kastoma, nikukatie?” Anapanga majani 12 moja juu ya jingine, anayakunja kama anayekunja mkeka, anayabana kwa mkono wa kushoto, na kisu kinaanza kupita. Nyuzi za kijani zinaangukia mfukoni, nyembamba kama za cherehani, bila hata moja kuanguka nje, naye huku anazungumza na mteja mwingine na kurudisha chenji. Nimeishi na wanawake wa kila aina lakini mkono kama ule sijauona. Na kisu ni kile kile kilichokata kabichi ya aliyenitangulia, na ndicho kitakachopasua kitunguu cha atakayefuata.

Kando ya mguu wake kuna ndoo. Ina maji aliyoyachota alfajiri, na chupa ya soda iliyotobolewa kifuniko. Kila baada ya muda anajaza chupa na kuinyunyizia meza yake. Kunyunyizia huko ndiko kunakoifanya dhania ya jana ionekane imechumwa leo, na nyanya kung'aa chini ya taa. Kufikia saa moja jioni maji yale yana rangi ya strungi. Amenawia humo, amesuuza kisu humo, ametolea tope la karoti humo, na bado ananyunyizia.

Siku moja nilimuuliza kwa utani: “Mama, haya maji si yamechoka?”

Hakukasirika. “Na mimi je, sijachoka? Mfereji ni wa kulipia, choo ni cha kulipia, kibanda nalipia. Nikibadilisha maji mara tatu kwa siku, faida ya dhania imekwisha.”

Waheshimiwa, jibu lile lina hesabu kamili kuliko ripoti nyingi. Mtu huyu huamka saa tisa usiku ili saa kumi awe Marikiti, soko la jumla la jiji, ambako mvua ikinyesha mboga hushushwa pale pale penye matope na miguu ya watu. Analipa anachotakiwa kulipa, na risiti nimeziona, zimechomekwa kwenye msumari. Siku moja walikuja watu wakapakia meza yake kwenye lori wakisema imezidi mpaka. Sijawahi kuona lori limekuja kumletea maji.

Tangu ile kliniki nimeacha kukatiwa. Nilipomwambia mara ya kwanza, “Leo usinikatie, mama,” alinitazama kama nimemtukana. “Kwani nimekukosea?” Ikabidi nikae kwenye kibao nimweleze: jani zima unaweza kulipangusa pande mbili, lakini likishakuwa nyuzi huwezi kuosha uzi mmoja mmoja. Ukilazimisha, vitamini C na foleti, ambazo huyeyuka kwenye maji, zinakwenda na maji ya kijani unayoyamwaga. Na palipokatwa panavuja utomvu, na penye utomvu vijidudu hupata pa kushika. Alielewa. Lakini aliniambia jambo ambalo lilinifunga mdomo: wateja wake wengi wanatoka kazini saa mbili usiku, wana gesi ya dakika 20 na watoto wenye njaa. Wasipokatiwa watanunua chipsi.

Nikiwa hapo niseme na haya, maana najua barua hii itasomwa na majirani kabla haijawafikia nyinyi. Sukuma, managu, terere, kunde, vyote tunavyopika hadi vikalainika, mara nyingi havina neno. Sufuria yenye mafuta moto na kitunguu hufanya kazi ambayo hakuna mfereji unaoiweza. Mama zetu waliochemsha saga mpaka tukalalamika walikuwa na hekima yao. Balaa ni kile kisu na ule ubao. Umekata sukuma ambayo haijaoshwa, ukapangusa ubao kwa leso, kisha juu yake ukapasua nyanya za kachumbari ambazo hazitaona moto kamwe. Kachumbari ndiyo inayobeba dhambi za mboga nyingine zote. Ndiyo iliyoko ndani ya yai pasua, ndiyo iliyoko juu ya smoki na mutura, na Nairobi inaila ikitembea.

Kwa hiyo kwangu siku hizi vinavyoliwa vibichi ndivyo vinavyooshwa kwanza na kukatwa kwanza, kabla kisu hakijagusa kitu kingine. Mikono huoshwa kwa sabuni kabla ya hapo. Mboga haioshwi kwa sabuni, hapana. Nina jirani aliyekuwa anaosha nyanya kwa sabuni ya unga na akijivunia. Ngozi ya tunda ina vitundu, na sabuni ikiingia haitoki kwa kusuuza, inakwenda tumboni. Chumvi ambayo shangazi zetu hutia kwenye maji ya kabichi hufukuza viwavi, hilo sikatai, lakini kipindupindu hakijui kuogopa chumvi ya mezani. Majani ya nje ya kabichi hutupwa. Viazi na karoti vinataka brashi. Matunda ya kuliwa kesho hayaoshwi leo, yakikaa na unyevu huoza upesi.

Na vitu vya kumenya? Hapo ndipo wengi hudanganyika, nami nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa nikipasua tikiti maji moja kwa moja kutoka mkokotenini, kwani ganda nani anakula? Lakini kisu kinapita ganda kwanza ndipo kifike nyama, na kilichokuwa nje kinasindikizwa ndani. Marekani, mwaka 2011, aina ya tikiti lenye ganda la mikwaruzo kama wavu, kutoka shamba moja la jimbo la Colorado, lilieneza bakteria ya listeria na kuua watu 33. Mwaka 2018 wakaguzi wa chakula wa nchi hiyo hiyo walitangaza kwamba walipopima ngozi za parachichi, zaidi ya moja katika kila sita ilikuwa na bakteria hiyo, ilhali ndani ya nyama ilikuwa nadra sana kuikuta. Sisi ambao parachichi ndilo siagi yetu tunalikata na kulichota kwa kijiko bila kulisuuza. Sasa nalisuuza, nalipangusa kwa kitambaa kikavu, ndipo nalikata.

Nimemaliza upande wangu. Mnaona kwamba sikuja mikono mitupu. Sasa upande wenu.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2006 kuhusu mboga zilizomwagiliwa majitaka, liliweka kila kinga kwenye mizani. Kuosha jani kwa maji safi hupunguza vijidudu kama mara 10. Kulisuuza kwa maji yenye dawa au kumenya ganda, kama mara 100. Kupika hupunguza mara milioni na zaidi. Isomeni tena ile ya kwanza. Jani likija na vijidudu 10,000, nikaliosha kwa lita zangu za kununua, vinabaki 1,000. Kuosha kuna faida, na sitaacha, lakini katika kinga zote hizo kuosha ndiko kudhaifu kuliko zote, nayo ndiyo mliyochora ukutani. Mwongozo ule ule unataja kinga nyingine zisizohusu jiko langu hata kidogo: mboga kunyimwa maji machafu siku chache kabla ya kuvunwa, kwa sababu jua na ukavu huua vijidudu siku hadi siku, maji kuelekezwa kwenye mzizi badala ya kumwagwa juu ya majani, na maji safi kuwepo sokoni.

Mboga zilizomwagiliwa majitaka si habari ya mbali. Yeyote aliyepita kando ya Mto Nairobi, Mathare au Ngong ameona vitalu vya sukuma, nduma na migomba vilivyonona katikati ya kiangazi wakati nyasi za kwingine zimekuwa manjano. Wapo wanaoziba mashimo ya mabomba ya majitaka kwa mawe ili yafurike shambani. Siwatetei, ila nawaelewa: maji hayo hayana mgao, na yana mbolea ndani yake. Mtoto wa mkulima yule naye ana karo. Lakini mayai ya minyoo yaliyomo humo ni magumu kiasi kwamba hata klorini huyapita tu. Moto ndio unaoyaweza. Na mito ile inapita kwenye viwanda na karakana. Mmea ukinywa risasi na kadmiamu kwa mzizi wake, madini hayo yamo ndani ya jani. Hapo hakuna kuosha. Hata nikipanda na mitungi kumi, naosha nje ya kitu ambacho sumu yake iko ndani.

Dawa za kunyunyizia mimea zina hadithi yake. Chuo Kikuu cha Massachusetts kilionyesha mwaka 2017 kwamba kuloweka tofaa kwa dakika 12 hadi 15 katika maji yenye bekingi soda, ile ya mandazi, gramu 10 kwa lita moja, huondoa mabaki ya dawa juu ya ganda kuliko maji matupu. Nimejaribu na nyanya, ule unga mweupe uliozunguka kikonyo umetoka. Lakini utafiti ule ule ulikuta sehemu ya dawa imeshapenya ndani ya ganda, na huko soda haifiki. Tiba yake ni mkulima kuheshimu siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa kabla ya kuvuna, na mtu wa serikali kuhakikisha ameziheshimu.

Tena mnaweza. Mishiri yetu, yale maharagwe mabichi ya maganda, inayopanda ndege kwenda Ulaya hupimwa. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya ulipoongeza ukaguzi wa maharagwe na minji kutoka Kenya kwa sababu ya mabaki ya dawa, nchi nzima ilihangaika, wakulima wakafundishwa, na mwaka 2016 tukawa na kiwango chetu cha kitaifa cha matunda na mboga, KS 1758. Kwa hiyo elimu ipo, karatasi zipo, na maabara zipo. Lakini tangu nije Nairobi sijawahi kuona ubao sokoni umeandikwa: sukuma ya wiki hii imepimwa, imekutwa hivi. Mlaji wa London anajua zaidi kuhusu mishiri ya Kirinyaga kuliko mimi ninavyojua kuhusu sukuma ninayomlisha mwanangu.

Nawaomba nini? Katiba ya 2010 imenisaidia kuomba. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya chakula chenye ubora unaokubalika, na maji safi na salama kwa kiasi cha kutosha. Jedwali la Nne linaipa kaunti masoko, afya, maji na usafi, pamoja na utoaji leseni na udhibiti wa wanaouzia umma chakula. Sisomi vibaya: leseni na maji viko kwenye jedwali moja. Mtoza ada akifika kibandani, mfereji nao ufike.

Mfereji ndio wa kwanza, na kama mtafanya moja tu basi iwe hilo. Kila penye vibanda kumi vya mboga pawe na mfereji usiolipiwa, wenye maji yaliyotiwa dawa, na sehemu ya maji machafu kuondokea, si kumwagwa njiani tuyakanyage. Mama mboga abadilishe ndoo yake saa nne, saa nane na jioni bila kupiga hesabu ya faida ya dhania. Asuuze visu viwili, kimoja cha mboga za kupikwa na kimoja cha nyanya na vitunguu. Aoshe jani kabla ya kulikata, hapo hapo, na yule anayetoka kazini saa mbili usiku apeleke nyumbani sukuma iliyooshwa na kukatwa, kwa mpangilio huo. Mkono ule wenye kisu ukipewa maji utaokoa matumbo mengi kuliko mabango. Fikirieni: mfereji mmoja unasafisha mboga za nyumba mia, badala ya nyumba mia kupandisha mitungi mia.

Masoko ya jumla yapate majukwaa ili mboga isilale chini. Karoti zinazooshwa zioshwe kwa maji ambayo mtu angethubutu kunawia uso. Nimeshuhudia zikikanyagwa kwa miguu ndani ya gunia, kwenye maji yenye rangi ya udongo, nami huyo niliyeshuhudia nilizinunua kwa sababu zilikuwa zinang'aa. Wakulima wa kando ya mito msiwafyekee. Mkifyeka leo watapanda usiku. Wapeni mabwawa ya kutuliza maji, wafundisheni siku za kusubiri, na pale ambapo mto umeshaharibika kwa madini waelekezwe kwenye miti au maua. Na anayemwaga kemikali mtoni mnamjua kuliko mimi.

Kuhusu maji ya majumbani naelewa ugumu. Sensa ya 2019 ilituhesabu watu 4,397,073, na sehemu kubwa ya maji yetu inatoka Ndakaini, Murang'a, bwawa ambalo hatukulichimba sisi wala mvua yake hatuiamrishi. Mgao nitauvumilia. Kisichovumilika ni mgao usio na ratiba ya kweli, na mfereji mmoja wa chini kwa ghorofa nane. Anayeidhinisha ramani ya jengo aulize maji yanapandaje.

Nami huku juu nitaendelea. Maji ya mkokoteni natia dawa ya maji kwa kipimo cha kwenye chupa, nasubiri nusu saa, ndipo nayamimina kwenye kibuyu chirizi. Gesi ikiwepo nachemsha. Kwa urefu wetu wa takriban mita 1,700 juu ya bahari maji hutokota kabla ya kufika nyuzi 100, kwenye 94 hivi, lakini yakitokota sawasawa kwa dakika moja yanatosha. Ndugu zetu wa Limuru, walio juu ya mita 2,000, waongeze hadi tatu.

Mwaka 2017 kipindupindu kilipoingia hadi kwenye mikutano ya watu wakubwa, katika hoteli zenye vitambaa vyeupe mezani, mambo yalikwenda mbio sana. Ukaguzi ulifanyika, milango ikafungwa. Nilifurahi, sitawaficha. Nilijua basi kwamba mwendo mnao.

Mama mboga ananiambia niwakaribishe, na mimi naona ni sawa. Njooni Alhamisi, ambayo kwa ratiba iliyobandikwa langoni ni siku yetu ya maji. Nitawakatia kachumbari, nyanya za Mwea, kitunguu, dhania, na pilipili kidogo kwa anayeiweza. Itaoshwa kama kwenye picha ya kliniki, mbele ya macho yenu. Ila ngazi ni 98, na Alhamisi mbili zilizopita mfereji haukutoa kitu. Kwa hiyo kila mgeni apande na mtungi wake, umejaa.

Wenu,
Mpangaji wa ghorofa ya sita,
Pipeline, Nairobi